Lewiston 2015: Ubingwa Ulioanza Kabla ya Fainali

Tarehe 7 Novemba 2015, timu ya wavulana ya Shule ya Sekondari ya Lewiston, katika jimbo la Maine nchini Marekani, iliifunga Scarborough 1–0 na kutwaa ubingwa wa jimbo wa kandanda kwa mara ya kwanza. Ilicheza mechi 17, ikashinda zote. Ilifunga mabao 113, ikafungwa 7 tu. Wachezaji wengi walikuwa Wasomali, baadhi yao wamekulia katika kambi za wakimbizi za Dadaab nchini Kenya, na kauli mbiu ya kikosi ilikuwa ya Kiswahili: "Pamoja ndugu". Tangu siku hiyo, msimu ule husimuliwa kama hadithi ya vipaji vya kambini vilivyouunganisha mji. Simulizi hiyo inapendeza, lakini inawapunja vijana wale. Kombe lilikuja mwisho. Kazi yenyewe ya kujenga umoja ilikuwa imeanza zaidi ya miaka 10 nyuma.

Mwaka 2015 Lewiston ulikuwa mji wa watu wapatao 36,000, uliokuzwa na viwanda vya nguo na wahamiaji wa Kanada wanaozungumza Kifaransa. Viwanda vilipofungwa, mji ulidorora. Wasomali walianza kuingia mwaka 2001, na mwaka uliofuata meya Laurier Raymond akawaandikia barua ya wazi akiwaomba wawashawishi ndugu zao wasizidi kuja. Januari 2003 wabaguzi wa rangi waliitisha mkutano mjini. Walijitokeza wachache, huku maelfu wakifurika Chuo cha Bates kuwaunga mkono wageni. Mji, basi, ulikuwa na nyuso mbili, na mgawanyiko huo uliingia hadi uwanja wa mazoezi: weupe upande huu, Waafrika upande ule. Kocha Mike McGraw, aliyekuwa na timu hiyo tangu miaka ya 1980, hakuukubali.

Anayeshikilia kwamba kipaji kilitosha na autazame mwaka 2014. Lewiston ilifika fainali ikiwa na wengi wa vijana haohao, ikashindwa na Cheverus. Kipaji kilikuwepo, kombe halikuja. Mwaka uliofuata, timu iliyozoea kufunga zaidi ya mabao sita kwa mechi ilikutana na ukuta wa Scarborough, na kipindi cha kwanza kikaisha bila bao. Timu ya wabinafsi hapo huanza kulaumiana, kila mmoja akitaka kuwa shujaa. Hawa walisubiri. Bao pekee lilipatikana kipindi cha pili kutokana na mpira wa kurusha: mrushaji alikimbia, akapiga sarakasi mpira ukiwa mikononi, kisha akauvurumisha hadi langoni.

Pingamizi zito zaidi ni hili: je, mkimbizi athaminiwe kwa sababu tu ameleta kombe? Vipi kuhusu mwenzake asiyejua kupiga mpira? Nakubaliana na hofu hiyo kabisa, na ndiyo sababu nasisitiza mfuatano wa mambo. Shule ya umma iliwaandikisha vijana hawa, ikawapa jezi, kabla hawajashinda chochote. Hawakuinunua nafasi yao kwa mabao. Mabao yalitoka kwenye nafasi waliyokwisha kupewa. Na nafasi hiyo haikufungwa mabingwa wale walipohitimu: wadogo zao waliingia, na Lewiston ikatwaa ubingwa tena mwaka 2017 na 2018.