Dracula wa Waingereza: Damu ya rangi isiyokauka

KWA sisi tuliokulia kambini Kigoma, jumba la sinema lilikuwa kibanda cha maturubai, runinga moja, deki moja na jenereta inayotoa moshi nyuma ya choo. Asiyekuwa na shilingi alileta kikombe cha maharage ya posho. Hapo ndipo mwaka 1997, nikiwa na miaka 17, nilipomwona Dracula kwa mara ya kwanza.

Mkanda wenyewe ulikuwa mzee kuliko wazazi wa baadhi yetu. Filamu hiyo ilitolewa mwaka 1958 na kampuni ya Hammer ya Uingereza. Kijana mmoja aliyejua Kiingereza cha kuungaunga alisimama kando ya runinga na fimbo yake akitufasiria. Alipofika pale ambapo jitu lile linainama kwenye shingo ya binti, alikwama. Hakuwa na neno. Akakohoa, kisha akasema: "Huyu, jamani, ni mumiani." Kibanda kizima kilinyamaza.

Mimi leo ni mwalimu wa lugha, kwa hiyo mniwie radhi nikikaa kidogo kwenye neno hili. Hapo kale mumiani ilikuwa ni dawa nyeusi kama lami, iliyoletwa na majahazi kutoka Uajemi na Uarabuni, na watu wakaamini kuwa imetengenezwa kwa damu ya binadamu. Kutoka asili hiyo hiyo ya Kiajemi, Wazungu walipata jina wanaloziita maiti zilizokaushwa za Misri. Na filamu ya Hammer ya mwaka 1959, The Mummy, inahusu maiti hiyo hiyo. Wakati wa ukoloni, uvumi ulienea Afrika Mashariki kwamba wazimamoto wanakamata watu usiku na kuwanyonya damu. Mwanahistoria Luise White aliuandikia kitabu kizima kilichotoka mwaka 2000. Kwa hiyo mfasiri wetu hakukosea sana.

Tuje kwa Waingereza wenyewe. Hammer haikuwa kampuni tajiri. Studio yake ilikuwa Bray, kwenye nyumba kubwa ya zamani kando ya mto Thames, karibu na Windsor. Mwaka 1957 ilitoa The Curse of Frankenstein, filamu yake ya kwanza ya kutisha yenye rangi, ikiongozwa na Terence Fisher. Baron aliigizwa na Peter Cushing. Kiumbe alichokiunda kwa vipande vya maiti kiliigizwa na mtu mrefu aliyekuwa hajulikani sana, Christopher Lee. Mwaka uliofuata wawili hao wakarudi kwenye Dracula. Wahakiki wengi wa London walikunja pua. Watu wakapanga foleni.

Wasichokisema wengi ni jinsi zilivyotengenezwa kwa kubana matumizi, jambo ambalo mfanyabiashara yeyote wa mpakani angelielewa upesi. Bernard Robinson, aliyekuwa akibuni mandhari, aliligeuza jumba moja kuwa majumba kumi: leo ngazi iko kushoto, kesho amelipaka rangi nyingine na kuhamisha nguzo. Mwaka 1965 kijiji kimoja kilichojengwa uani pale Bray kilitumika kwa filamu mbili zilizopigwa mfululizo, The Plague of the Zombies na The Reptile. Hakikutupwa kitu.

Hiyo The Plague of the Zombies ndiyo ninayoipenda kuliko zote, kuliko hata Dracula. Kisa kiko Cornwall, kusini-magharibi mwa Uingereza. Vijana wa kijiji wanakufa mmoja mmoja bila ugonjwa unaojulikana. Daktari anafukua kaburi na kukuta jeneza tupu. Mwishowe inagundulika kuwa bwana mwenye ardhi, aliyejifunza uchawi Haiti, anawafufua na kuwatumikisha kwenye mgodi wake wa bati, maana walio hai wameukataa kwa kuwa ni wa hatari. Ndugu msomaji aliyepata kuishi Tanzania, hebu niambie: si msukule huyo? Mtu amezikwa, watu wamekula matanga, kumbe yuko shambani kwa mtu analima usiku bila ujira. Nilipomsimulia kisa hicho mama mmoja anayeleta dagaa kutoka upande wa Kigoma, hakuuliza Cornwall iko wapi. Aliuliza tu huyo bwana mwenye mgodi walimfanya nini.

Ndipo ninapoiona siri ya filamu hizi. Mnyonyaji wa damu si mwizi wa porini. Ana jumba, ana cheo, anamkaribisha mgeni kwa adabu na kumbebea mizigo. Dracula wa Lee anateremka ngazi akizungumza kama mwenyeji yeyote muungwana. Baada ya maongezi hayo machache na mgeni wake mwanzoni, hasemi tena hadi mwisho wa filamu. Nimewaonyesha wanafunzi wangu kwenye kompyuta. Walicheka kuona rangi nyekundu ya damu ile, lakini kwenye ngazi hawakucheka.

Sisemi zote ni nzuri. Lee alimwigiza Dracula mara saba kwa Hammer, na zile mbili za mwisho, ambamo wanamleta London ya miaka ya 1970, ni za kuchosha. Wamarekani walipotoa The Exorcist mwaka 1973, majumba ya Bray yakaonekana ya kizamani, na kabla ya muongo kwisha Hammer ilikuwa imeacha kutengeneza filamu za sinema. Jina lilifufuliwa baadaye, na The Woman in Black ya mwaka 2012 ikajaza kumbi. Cushing alifariki mwaka 1994, Lee mwaka 2015. Hata hivyo watu hawajaacha kuzitafuta: mwaka 2011 Tokyo, Japani, vilipatikana vipande vya Dracula ambavyo wakaguzi wa Uingereza walivikata mwaka 1958, vikarudishwa mahali pake.

Lakini swali linalonisumbua tangu 1997 ni jingine. Waliojazana kibandani mle walikuwa wameiona damu ya kweli mwaka 1993. Kwa nini watoe maharage ya watoto ili watishwe?

Alikuwepo mzee mmoja kutoka mkoa wetu, aliyevuka mpaka peke yake ilhali nyumbani walikuwa sita. Alikaa mbele kabisa, hakupepesa macho. Mwishoni, Cushing anakimbia juu ya meza ndefu, anaruka na kulichana pazia. Jua la asubuhi linaingia. Anakamata vinara viwili vya mishumaa na kuvipandanisha kama msalaba, akimsukuma Dracula kwenye mwanga, mpaka anabaki majivu na pete. Watu wakapiga makofi, wakaanza kutoka.

Mzee hakuinuka. Alitoa sarafu nyingine kwenye pindo la koti.

"Kijana," alimwambia mfasiri, "rudisha pale kwenye pazia."

"Mzee, jenereta inakwisha mafuta."

"Rudisha tu mwanangu. Pale pale penye jua."