Usalama Machoni pa Mtumiaji: Utangulizi

Safaricom ilipoanzisha M-Pesa nchini Kenya mwaka 2007, mkazi wa Nairobi aliyetaka kumtumia mama yake fedha kijijini alizikabidhi noti zake kwa mwenye duka aliyekuwa wakala, akabaki na ujumbe mfupi kwenye simu. Ada nafuu na uhaba wa matawi ya benki vinaeleza kwa nini aliihitaji huduma hiyo. Uwanja wa utafiti wa usalama machoni pa mtumiaji, ninaokukaribisha kwa furaha, unauliza kwa nini aliiamini.

Mitambo peke yake haitoi jibu, kwa kuwa mteja haioni. Anachokiona ni wakala anayemfahamu, jina la mpokeaji kwenye kioo cha simu, na ujumbe wenye namba ya muamala na salio jipya. Ujumbe huo ukichelewa dakika mbili, roho haitulii, hata kama fedha zimeshafika. Ndiyo maana tunatenganisha usalama wa mfumo na usalama anaouhisi mtumiaji. Mzee anayemtajia wakala namba yake ya siri ili asaidiwe kutoa pesa hujiona yuko salama kabisa, ilhali hapo ndipo alipo hatarini zaidi.

Watanzania wanaujua ujumbe wa matapeli usemao "ile hela tuma kwenye namba hii". Hutumwa kwa watu ovyo, hadi umfikie mtu ambaye kweli alikuwa anajiandaa kulipa kodi ya nyumba. Akituma, namba ya siri ni sahihi na mwenye laini ndiye aliyethibitisha. Mfumo haukudukuliwa, lakini pesa imekwenda, na watakaoilaumu huduma nzima ni yeye na jirani zake wote.

Mwaka 1995 watafiti Mayer, Davis na Schoorman walieleza kwamba tunamwona mwenzetu anaaminika kwa uwezo wake, uadilifu wake na nia yake njema kwetu. Katika malipo ya simu, uwezo hupimwa siku ya mshahara, mtandao unapoelemewa. Uadilifu una sheria: fedha za wateja huwekwa benki katika akaunti ya amana, mbali na mali ya kampuni. Nia njema ndiyo tuliyoipuuza, na kwa maoni yangu ndiyo yenye uzito kuliko zote. Hiyo huonekana mambo yanapoharibika, lakini madodoso yetu humuuliza mteja kama anaiona huduma kuwa salama, siku ambayo hakuna kilichoharibika. Aliyekosea tarakimu moja, ada ya shule ya mwanawe ikaingia kwa mtu asiyemjua na kutolewa papo hapo, hatumfikii.

Anayeingia uwanjani leo aanze na huyo. Amuulize alimkimbilia nani kwanza, wakala au huduma kwa wateja. Alijibiwa kwa lugha gani na baada ya muda gani. Na muhula uliofuata, ada aliilipa kwa njia ipi.