GUNIA LA MAHINDI NA ELIMU YA TAKWIMU

Wanafunzi wengi wakisikia neno "takwimu" hudhani kuwa ni somo la kukariri kanuni, lisilohusiana na maisha ya nyumbani kwao. Sivyo hata kidogo. Takwimu ni njia ya kujua jambo kubwa kwa kupima sehemu yake ndogo, na pia ya kujua ni kwa kiasi gani kipimo hicho chaweza kuaminiwa. Katika makala haya tutatumia kitu kinachojulikana na kila mkazi wa Songea, nacho ni gunia la mahindi.

Mkoa wa Ruvuma ni miongoni mwa mikoa inayolima mahindi kwa wingi nchini. Sheria ya vipimo inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100. Hata hivyo, wako wanunuzi wanaodai lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi, huku wakilipa bei ya gunia la kawaida. Mkulima huona kwa macho kwamba gunia limezidi, lakini hajui limezidi kwa kilo ngapi. Hapo ndipo takwimu inapohitajika.

Kuchagua sampuli

Tuchukue mfano wa kujifunzia. Mkulima ana magunia 60 ghalani, na mizani imeazimwa kwa muda mfupi tu. Wanafunzi wanaweza kupima magunia 10. Je, wapime yapi? Wakipima yaliyo karibu na mlango, huenda yalijazwa na mtu mmoja siku moja. Wakichagua yaliyo rahisi kubeba, watakuwa wamechagua mepesi. Njia ya haki ni kuyapa magunia namba kuanzia 1 hadi 60, kuandika namba hizo kwenye vipande vya karatasi, kuvichanganya ndani ya kikapu, kisha kuchomoa vipande 10 bila kutazama. Magunia yatakayopatikana huitwa sampuli nasibu. Kila gunia limepewa nafasi sawa na jingine, na upendeleo wa mpimaji umeondolewa.

Wastani na mtawanyiko

Tuseme uzito uliopatikana, kwa kilo, ni huu: 104, 98, 112, 101, 118, 107, 99, 115, 109, 107. Jumla ni 1,070, na tukigawanya kwa 10 tunapata wastani wa kilo 107.

Lakini wastani peke yake hautoshi, kwa maana magunia hayalingani. Hivyo tunatafuta mtawanyiko. Tunatoa wastani katika kila uzito, tunazidisha kila tofauti kwa yenyewe ili alama za kutoa zitoweke, kisha tunajumlisha. Jibu ni 404. Tunaligawanya kwa 9, yaani idadi kasoro moja, kwa kuwa wastani wenyewe tumeupata kutoka katika magunia hayo hayo. Tunapata karibu 45, na kipeo chake cha pili ni karibu kilo 6.7. Hicho ndicho kipimo cha jinsi magunia yanavyotofautiana.

Sasa tuulize: wastani wa magunia yote 60 waweza kuwa umbali gani na 107? Tunagawanya 6.7 kwa kipeo cha pili cha 10, tunapata 2.1, kisha tunazidisha kwa 2. Kwa kukadiria, wastani wa ghala zima uko kati ya kilo 103 na 111. Kiwango cha chini kabisa cha makadirio hayo bado kinazidi 100. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba ziada hii imetokea kwa bahati tu.

Ziada ya kilo 7 katika magunia 60 ni kilo 420, yaani zaidi ya magunia manne ambayo mkulima huyu angeyatoa bila malipo. Haba na haba hujaza kibaba. Na kibaba hiki kinajaa katika ghala la mtu mwingine.

Kuiamuru kompyuta

Hesabu ya magunia 10 yawezekana kwa kalamu. Ikiwa ni magunia 5,000, yafaa kutumia kompyuta. Programu si uchawi. Ni orodha ya maagizo yaliyopangwa kwa utaratibu. Maagizo ya kutafuta wastani ni haya:

1. Weka jumla iwe 0, na idadi iwe 0.
2. Soma uzito wa gunia.
3. Ongeza uzito huo kwenye jumla, na ongeza 1 kwenye idadi.
4. Kama bado kuna gunia, rudi kwenye agizo la 2.
5. Gawanya jumla kwa idadi, kisha andika jibu.

Mwanafunzi akiweza kuyafuata maagizo haya kwa kalamu, atayaandika bila taabu katika lugha ya Python au R, ambazo zote hupatikana bila malipo.

Kompyuta hutii, haifikiri. Aliyekusudia kuandika 112 akiandika 1,120, itatoa wastani wa kilo 207.8 bila kushangaa. Tukipanga namba kutoka ndogo hadi kubwa na kutazama ya katikati, tutaona kwamba imebaki 107 ile ile. Ndiyo maana mtakwimu hutazama vyote viwili. Kadhalika, yafaa kuongeza agizo lisemalo: uzito ukizidi 150, usiupokee, uliza tena.

Kutoka ghalani hadi mkoani

Maarifa hayo hayo hutumika katika mambo ya nchi. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 1,376,891 mkoani Ruvuma, na ile ya 2022 watu 1,848,794. Ongezeko ni karibu asilimia 34 kwa miaka 10. Je, ni asilimia 3.4 kwa mwaka? La hasha. Anza na idadi ya 2012, uzidishe kwa 1.034 mara kumi: utapata zaidi ya 1,920,000, yaani umezidisha kwa watu zaidi ya 70,000. Ukizidisha kwa 1.03 mara kumi, utafika karibu 1,850,000. Sababu ni kwamba watoto wa mwaka huu nao huongezwa katika hesabu ya mwaka ujao. Atakayepanga madarasa na zahanati kwa hesabu ya kwanza atakuwa amekosea kwa idadi ya mji mzima.

Zoezi

Mwalimu aweza kufanya haya yote kwa mizani moja, karatasi na kikapu. Wanafunzi na wapime magunia ya ghala la shule, au ndoo za mahindi za majirani, wakadirie wastani kwa sampuli, kisha wapime yote waone kama wastani wa kweli umo ndani ya makadirio yao. Warudie kwa sampuli ya 5 na ya 20, walinganishe. Mwishowe wampelekee mwenye mahindi hesabu hiyo kabla mnunuzi hajafika.