Bwana Shamba na Simu Inayofundisha

Bila shaka unalijua jani la mhogo lenye batobato. Lina mabaka ya njano, nalo hujikunja. Lakini je, unaweza kulitofautisha na jani lililoharibiwa na utitiri? Kazi hiyo si rahisi. Hata bwana shamba hukosea.

Siku hizi ipo programu ya simu iitwayo Nuru. Ilitengenezwa na Chuo Kikuu cha Penn State cha Marekani, pamoja na taasisi ya utafiti wa kilimo ya IITA. Watafiti walipiga picha nyingi za majani ya mhogo. Baadhi walizipiga Bagamoyo. Wataalamu waliionyesha mashine picha hizo: hili lina batobato, hili lina michirizi kahawia, hili ni zima. Mwishowe mashine iliweza kutambua jani ambalo haijapata kuliona. Uwezo wa namna hii huitwa akili mnemba. Nuru husema Kiswahili, na hufanya kazi shambani hata pasipo mtandao.

Nuru inamsaidia mkulima. Lakini inaweza pia kumfundisha mfanyakazi akiwa kazini. Bwana shamba au bibi shamba hulitazama jani kwanza, akasema ni ugonjwa gani. Kisha huielekeza simu kwenye jani hilo na kulinganisha.

Mwaka 2020 yalichapishwa matokeo ya majaribio. Katika kila mara 100, Nuru ilipatia mara 65. Mabwana shamba walipatia kati ya mara 40 na 58. Wakulima walipatia kati ya mara 18 na 31. Nuru ilipoonyeshwa majani sita ya mmea mmoja, ilipatia kati ya mara 74 na 88.

Sasa fikiri wewe ndiye bwana shamba. Umefanya kazi miaka mingi. Wanakijiji wanakuamini. Leo unaambiwa ujifunze kwa simu inayokushinda. Je, utakubali?

Mfanyakazi akisitasita, watu husema ni mvivu, au amebaki nyuma. Mimi sioni hivyo. Ana maswali ya haki. Makosa nitakayofanya nikijifunza yataandikwa? Yatamfikia mkubwa wangu? Simu itanunuliwa na nani? Na je, nikiisha kujifunza, nitaambiwa simu inatosha, mimi niende nyumbani?

Hofu hii ya mwisho si ya bure. Mwezi Mei 2023, huko Kericho nchini Kenya, mashine za kuchumia chai zilichomwa moto katika ghasia. Watu walisema zinawanyang'anya kazi. Mashine zile hazikuwa za kufundisha. Lakini mfanyakazi aliyesikia habari ile haulizi mashine aliyoletewa leo ni ya aina gani. Anauliza kama kesho atakuwa na mshahara. Mwajiri anayetaka watu wajiunge na mafunzo kwa hiari amjibu swali hilo kwanza, tena mbele ya wote, kabla ya kugawa simu.

Jambo la muda nalo ni kubwa. Mwaka 1973 Waziri Mkuu wa Tanzania alitoa agizo la elimu ya wafanyakazi. Sehemu za kazi zilitakiwa kuwapa watu nafasi ya kusoma katika saa za kazi. Mafunzo ya simu yanahitaji nafasi kama hiyo. Bibi shamba anayerudi nyumbani jioni akiwa na maji ya kuchota na watoto wa kulisha hawezi kujifunza usiku, hata angependa.

Tena simu ina mipaka yake. Nuru hutazama majani tu. Mhogo wenye michirizi kahawia unaweza kuwa na majani yanayoonekana mazuri, kumbe mizizi imeoza. Inabidi mtu aung'oe, aukate, autazame ndani. Kisha akae na mwenye shamba, wazungumze mbegu safi zitapatikana wapi msimu ujao.