Mkono Usiotetemeka: Afya na Dawa kwa Mlenga Shabaha wa Bunduki ya Upepo

Ipo michezo ambayo mtazamaji huiona kana kwamba haiutumikishi mwili hata kidogo. Mchezaji ameketi chini kwenye nyasi, magoti ameyakunja, bunduki ya upepo ameiegemeza juu ya goti, na kwa muda mrefu hakuna kinachoonekana kusogea isipokuwa kidole kimoja. Hata hivyo, ndani ya mwili huo uliotulia, moyo, mapafu, macho, neva na misuli vinafanya kazi kwa uratibu wa hali ya juu. Hitilafu ndogo katika kimojawapo huipoteza shabaha. Kwa sababu hiyo mchezo huu una mafunzo kwa mhudumu wa afya na kwa mgonjwa, hata kwa yule ambaye hajawahi kushika bunduki maishani mwake. Dawa zinazozua mjadala katika mchezo huu ni zilezile zinazotumiwa kila siku na watu wenye shinikizo la damu, kipandauso, presha ya macho na maradhi ya moyo.

Mchezo wenyewe

Mchezo unaozungumziwa hapa hujulikana kimataifa kwa jina la fildi tageti. Ulizaliwa Uingereza, na shindano lake la kwanza lilifanyika mwaka 1980 huko Magham Down, katika eneo la Sussex. Tofauti na ulengaji wa bunduki ya upepo wa Michezo ya Olimpiki, ambao ulianza mwaka 1984 na hufanyika kwa umbali mmoja wa mita 10, fildi tageti huchezwa nje, aghalabu porini au kwenye mabonde. Shabaha zake ni vibao vya chuma vyenye umbo la wanyama wadogo, kila kimoja kikiwa na tundu la duara. Upana wa tundu hilo huwa kati ya milimita 15 na 40. Risasi ikipita kwenye tundu, kibao huanguka na mchezaji hupata alama moja. Ikigonga pembeni, hapati kitu.

Umbali wa shabaha hautangazwi. Unaweza kuwa mita nane au ukafika mita 50, na mchezaji hukadiria mwenyewe kwa kurekebisha darubini ya bunduki mpaka aione shabaha vizuri. Kisha hukisia nguvu ya upepo na kiasi ambacho risasi itashuka njiani. Sehemu kubwa ya mashindano huchezwa kwa kuketi, lakini baadhi ya shabaha sharti zilengwe kwa kupiga goti au kusimama. Katika mashindano ya dunia, mchezaji hulenga shabaha 50 kwa siku kwa muda wa siku tatu, yaani shabaha 150 kwa jumla. Mashindano hayo huhama kutoka nchi moja hadi nyingine. Ujerumani iliyaandaa mwaka 2013, Nyuzilandi mwaka 2014 na Welisi mwaka 2017. Wanawake, wanaume, vijana na wazee hulenga shabaha zilezile katika njia ileile.

Kinachotendeka mwilini

Hakuna mkono usiotetemeka kabisa. Kila binadamu ana mtetemo wa kawaida ambao jicho halioni, lakini darubini yenye nguvu huudhihirisha. Mtetemo huo huongezeka kutokana na hofu, uchovu, njaa, baridi au kahawa nyingi. Huongezeka pia kwa mgonjwa ambaye tezi yake ya shingoni inazalisha homoni kupita kiasi, kwa mgonjwa wa kisukari ambaye sukari yake imeshuka, na kwa mgonjwa wa pumu aliyetoka kuvuta salbutamol. Mlenga shabaha anayelalamika kwamba mkono wake umeanza kumsaliti bila sababu anastahili kuchunguzwa, si kuambiwa tu kwamba umri umesogea.

Moyo nao una sauti yake. Kila pigo huusukuma mwili kidogo, na msukumo huo husafiri hadi kwenye bunduki. Wachezaji waliobobea hujifunza kufyatua katika utulivu ulio kati ya pigo moja na jingine. Kuhusu pumzi, mlengaji huvuta hewa, huitoa kiasi, kisha husita kwa sekunde chache na kufyatua. Akisita mno, misuli hukosa utulivu na macho huanza kufifia. Hapo busara ni kuishusha bunduki na kuanza upya, maana haraka haraka haina baraka.

Baada ya umri wa miaka 40 hivi, lenzi ya jicho hupoteza wepesi wa kujirekebisha kwa vitu vya karibu. Miwani na marekebisho ya darubini husaidia, lakini ukungu machoni unaoongezeka taratibu unaweza kuwa mtoto wa jicho, na huo hauponi kwa kubadili darubini. Kupiga goti na kuketi muda mrefu nako kunaweza kubana neva za mguu na kuleta ganzi. Ganzi inayotoweka baada ya kunyoosha mguu si ya kutisha; inayobaki kwa siku kadhaa, au inayoambatana na udhaifu wa mguu, humpeleka mtu kwa daktari.

Dawa inayotuliza mkono

Mwaka 1986 watafiti wa Denmaki walichapisha matokeo ya uchunguzi waliowafanyia walenga shabaha 33 wa bastola. Kila mmoja alipewa metoprolol katika awamu moja, na dawa bandia katika awamu nyingine, bila kujua ipi ni ipi. Matokeo yalikuwa bora walipotumia metoprolol. Kuimarika huko hakukuendana na kupungua kwa mapigo ya moyo; watafiti walikuhusisha na kupungua kwa mtetemo wa mkono. Zaidi ya hayo, walionufaika kwa namna iliyo wazi zaidi ni wale waliokuwa hodari tangu awali.

Metoprolol ni mojawapo ya dawa za kundi la beta bloka, pamoja na propranolol, atenolol, bisoprolol na carvedilol. Kwa sababu ya faida hiyo, Shirika la Kupambana na Dawa Zisizoruhusiwa Michezoni Duniani (WADA) linazikataza katika michezo ya kulenga shabaha wakati wa mashindano na hata nje ya mashindano. Katika Olimpiki ya Beijing ya mwaka 2008, mlenga shabaha wa Korea Kaskazini, Kim Jong-su, alinyang'anywa medali mbili, ya fedha na ya shaba, baada ya kukutwa na propranolol.

Kwa mchezaji mwenye afya njema, suala hilo ni la uaminifu tu. Kwa mgonjwa, ni suala la uhai. Mtu mwenye maumivu ya kifua yatokanayo na mishipa ya moyo, akiacha ghafla beta bloka aliyoitumia kwa miezi au miaka, anaweza kupata maumivu makali zaidi, mapigo ya moyo yaliyovurugika, au hata shambulio la moyo. Mwili uliozoea kuzuiwa huachiliwa ghafla, na homoni za mshtuko huukuta moyo ukiwa mwepesi kuitikia kuliko awali. Ndiyo maana dawa hizi hupunguzwa hatua kwa hatua, kwa kawaida kwa wiki moja hadi mbili, chini ya usimamizi wa daktari. Kuziweka kando siku tatu kabla ya shindano ili kupita kipimo cha mkojo ni kuucheza kamari moyo. Onyo hili linamhusu pia mgonjwa aliyeko Mwanza au Mombasa ambaye dawa zimemwishia nyumbani na anangoja hadi mwisho wa mwezi ndipo anunue nyingine.

Mgonjwa na daktari wapange pamoja

Kosa linaloweza kutokea ni daktari kubadilisha beta bloka na kumpa mchezaji dawa ya kuongeza mkojo, akidhani amelimaliza tatizo. Hydrochlorothiazide, bendroflumethiazide, furosemide na spironolactone zimekatazwa katika michezo yote inayofuata kanuni za WADA, kwa kuwa zinaweza kuficha alama za dawa nyingine katika mkojo. Kwa upande mwingine, amlodipine, enalapril, lisinopril na losartan hazimo katika orodha ya makatazo. Kwa mgonjwa mwenye shinikizo la damu pekee, asiye na tatizo la moyo linalohitaji beta bloka, mara nyingi ipo njia ya kumtibu vizuri bila kuvunja kanuni.

Matone ya macho nayo husahaulika. Timolol, inayotumika sana kwa presha ya macho, ni beta bloka, na huingia katika damu kupitia utando wa jicho na pua. Matone mengine, kama latanoprost, hayana katazo hilo. Mgonjwa asiyaache matone yake, kwa kuwa uoni unaopotea kwa presha ya macho haurudi; amwone daktari wa macho apangiwe mengine. Mgonjwa wa pumu anaruhusiwa kuvuta salbutamol isiyozidi mikrogramu 1600 kwa saa 24, na isiyozidi mikrogramu 600 katika saa nane zozote.

Kipo kibali maalumu cha matumizi ya tiba kwa mchezaji asiye na dawa mbadala. Hata hivyo, kwa beta bloka katika kulenga shabaha, kibali hicho si rahisi kupatikana, kwa kuwa dawa yenyewe humpa mchezaji faida. Anayeishi na moyo dhaifu, au aliyekwisha kupata shambulio la moyo, huenda akalazimika kubaki na dawa yake na kuendelea kulenga kwa burudani katika klabu yake, akiwa ameiarifu klabu hiyo. Uamuzi huo unauma, lakini medali haiwezi kuwa badala ya moyo. Mchezaji wa fildi tageti na amwulize mwandaaji wa kila shindano kuhusu kanuni zinazotumika kabla hajajiandikisha. Mhudumu wa afya naye na amwulize kila mgonjwa swali moja la ziada: “Je, unashiriki mchezo wowote wa mashindano?”

Madini ya risasi

Kiswahili kimeipa risasi ya bunduki jina la madini yanayoiunda, na jina hilo ni onyo tosha. Risasi nyingi za bunduki ya upepo bado hutengenezwa kwa madini ya risasi, ambayo huharibu ubongo wa mtoto, figo, damu na mishipa ya moyo. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Na damu ikiwa na mikrogramu 5 au zaidi kwa desilita, chanzo chake kitafutwe na kuondolewa.

Bunduki ya upepo haina baruti wala fataki, hivyo hewa yake ina vumbi la risasi kidogo kuliko bunduki za moto. Hatari zaidi hutokana na vidole vinavyoshika risasi kisha kushika chakula, na vumbi la kuta za mazoezi ya ndani. Kinga ni rahisi: mchezaji asiweke risasi mdomoni, asile wala kuvuta sigara akiwa mazoezini, anawe kwa sabuni, na nguo za mazoezi zifuliwe peke yake. Mjamzito na mtoto wasifagie ukumbi wa kulengea.

Jeraha dogo, hatari kubwa

Nguvu inayoruhusiwa katika mashindano ya dunia ni jouli 16 hivi. Kwa risasi ya kawaida ya milimita 4.5, hiyo ni kasi ya takribani mita 240 kwa sekunde. Kasi hiyo inatosha kutoboa jicho, na kwa mtoto inaweza kupenya hata fuvu. Jeraha la ngozi likiwa dogo kama punje ya mtama, lisimdanganye mhudumu. Apige picha ya eksirei. Jicho lililopigwa lisioshwe kwa nguvu, lisibonyezwe, na kitu kilichomo kisichomolewe. Lifunikwe kwa kikinga kigumu kisichogusa mboni, mgonjwa apewe kinga ya pepopunda, kisha apelekwe haraka kwa bingwa wa macho. Kipimo cha MRI kisifanyike mpaka ijulikane kama kilichobaki mwilini ni chuma, kwa sababu vigololi vingine hutengenezwa kwa chuma cha pua au cha kawaida.

Safari za mashindano

Mchezaji anayevuka mabara abebe dawa zake katika mkoba wa mkononi, zikiwa katika pakiti zake, pamoja na barua ya daktari yenye majina halisi ya dawa. Anayetumia insulini apange saa za sindano kabla ya kuondoka, kwa kuwa siku hurefuka au kufupika kadiri anavyosafiri mashariki au magharibi. Katika safari ya ndege inayozidi saa nne, hatari ya damu kuganda katika mishipa ya miguu huongezeka. Basi asimame, atembee, achezeshe vifundo vya miguu na anywe maji. Afike siku chache mapema, ili usingizi urejee katika saa zake kabla ya siku ya kwanza.

Mkono uliotulia hujengwa kwa usingizi wa kutosha, chakula cha wakati, mazoezi ya muda mrefu na ugonjwa uliodhibitiwa vyema. Mgonjwa wa shinikizo la damu anayetaka kushindana bado ana nafasi, ilimradi mazungumzo na daktari wake yaanze miezi kadhaa kabla ya shindano, na dawa isiachwe hata siku moja kwa uamuzi wake mwenyewe.