Ramani Isibaki Ukutani

Mwanafunzi wa darasa la sita akiulizwa mto ulio mrefu kuliko yote barani Afrika, hujibu bila kusita kuwa ni Nile. Lakini akiulizwa maji yanayopita kusini mwa Nyakunguru yametoka wapi na yanaelekea wapi, mara nyingi hunyamaza. Ukimya huo unatupasa kuutafakari.

Hapa Tarime mipaka yenyewe ni somo. Upande wa kusini upo Mto Mara, unaotutenganisha na wenzetu wa Serengeti. Mto huo huanzia katika nyanda za juu za Mau nchini Kenya na, baada ya safari ya kilometa zipatazo 395, humimina maji yake katika Ziwa Victoria karibu na Musoma. Mpaka huu umechorwa na maumbile.

Mpaka wa kaskazini umechorwa na rula. Mwaka 1886 Wajerumani na Waingereza walikubaliana juu ya mstari utokao mlango wa Mto Umba, huko pwani, hadi ufuko wa mashariki wa Ziwa Victoria, mahali unapokatwa na nyuzi 1 kusini mwa Ikweta. Wakurya hawakuulizwa. Wakajikuta wamegawanyika pande mbili, ndugu huku na ndugu kule. Waliojua kusoma ramani waliamua; wasiojua waliamuliwa.

Basi mwalimu na aanze na ardhi anayoikanyaga mtoto. Uso wa Ziwa Victoria uko mita zipatazo 1,134 juu ya usawa wa bahari, na kwa kila mita 1,000 tunazopanda, joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi za Selsiasi. Mtoto akilielewa hilo, ataelewa kwa nini kahawa na migomba hustawi katika milima ya Tarime, na kwa nini mihogo na mtama hupendelewa mabondeni. Katika ramani ya kipimo cha 1:50,000, sentimita 2 ni kilometa 1, na kontua zikisongamana ni dalili ya mteremko mkali. Mtoto aliyepanda mteremko huo kwa miguu hahitaji kukariri.

Vifaa si kisingizio. Kopo lenye kuta zilizonyooka na rula hutosha kupima mvua za masika na vuli. Fimbo iliyosimikwa uwanjani itaonyesha kuwa saa sita mchana kivuli huangukia kusini mwezi Juni na kaskazini mwezi Desemba. Kwa hatua za miguu na dira, darasa zima laweza kuchora ramani ya shule yake. Hii ndiyo maana ya Elimu ya Kujitegemea aliyotuandikia Mwalimu Nyerere mwaka 1967: elimu isiyomtenga mtoto na jamii yake.

Ndugu wananchi, watoto hawa kesho watakaa katika mikutano ya kijiji. Wataletewa ramani za mipango ya ardhi, za malisho, za barabara na za migodi, kisha wataombwa kuridhia. Tena, msitu ukifyekwa huko Mau, ni wao watakaoyaona matokeo yake mtoni. Asiyeweza kuisoma ramani ataridhia asichokijua. Kwa hiyo wazazi, walimu na kamati za shule hatuna budi kuiteremsha ramani kutoka ukutani na kuitandaza juu ya ardhi yetu wenyewe.