Apu ya Loni Inataka Namba ya Mathako ya Nini? Soma Hii Kabla Ubonyeze "Ruhusu"

Kama uko na laini ya simu hapa Kenya, kuna uwezekano mkubwa ushawahi kupata ile meseji. "Mwambie fulani alipe deni lake leo, la sivyo atajua hajui." Fulani ni msee mlisoma naye haiskuli, ama kinyozi wako wa kitambo, ama eksi. Hukumdhamini popote. Hiyo apu hata hujawahi kuiskia. Sasa namba yako walitoa wapi?

Walipewa. Kuna siku fulani alikuwa na msoto, akapakua apu ya loni, akajaza jina na namba ya kitambulisho, akabonyeza "Ruhusu" mara nne bila kusoma. Kufumba na kufumbua apu ikabeba kontakti zake zote: mathe, bosi, pasta, landilodi, na wewe. Na yeye alikuwa anatafuta ngiri moja tu ya kusukuma wikendi.

Hapo ndipo wengi huchezwa. Ukiskia mambo ya data kuibiwa unafikiria hakaa amevaa hudi kwa chumba cha giza. Lakini data nyingi hakuna mtu huiiba. Tunaipeana wenyewe, pale mwanzo kabisa, tukifungua akaunti na haraka ya kuingia. Na kontakti si mali yako peke yako. Ukiruhusu apu izisome, umewajazia fomu watu mia tatu ambao hakuna mtu aliwauliza.

Sheria ya hii mambo iko. Sheria ya Kulinda Data ilipitishwa 2019, na mwaka uliofuata Immaculate Kassait akaapishwa kuwa Kamishna wa Data wa kwanza. Ofisi yake ilianza kuuma. Aprili 2023, Whitepath, kampuni ya loni za simu, ililimwa faini ya shilingi milioni 5. Septemba mwaka huo huo ikawa zamu ya Mulla Pride, wenye apu za KeCredit na Faircash: shilingi 2,975,000, ju ya kutumia majina na namba walizotoa kwa watu wengine kutuma meseji za vitisho. Kanuni za Benki Kuu za 2022 nazo zinakataza mkopeshaji kusumbua watu walio kwa simu yako ati ju wewe hujalipa. Hata Google, mwisho wa Mei 2023, waliamua apu za loni kwa Play Store zisiguse kontakti wala picha za mtu.

Sasa mbona uchunge bado? Ju si kila apu inatoka Play Store. Kuna ile linki inatumwa kwa grupu ya WhatsApp ama Telegram, "pata loni bila CRB ndani ya dakika mbili," unabonyeza, simu inakuonya kwamba hii faili haijulikani imetoka wapi, unaambia simu inyamaze. Apu ikiingia kwa huo mlango wa nyuma haijapitia sheria za duka la Google. Hiyo onyo ya simu si mapambo, buda.

Swali la kujiuliza ni moja: hii kitu inahitaji nini ndio ifanye kazi yake? Apu ya mziki inahitaji imeili, basi. Apu ya teksi inahitaji kujua uko wapi, lakini wakati unaitumia tu, si saa tisa usiku ukiwa umelala. Tochi ikiitisha kontakti, futa hiyo kitu. Sisemi kila mtu anayeitisha kitambulisho ni mwizi. M-Pesa lazima wajue wewe ni nani, benki pia, na saiti ya kubeti inafaa ihakikishe umefika miaka 18. Lakini kijana wa promo kwa mol na kishikwambi, anakupea kofia ya bure halafu anaandika namba ya kitambulisho chako? Kofia haina haja na hiyo namba.

Na ukijaza fomu kwa intaneti, angalia kile kinyota. Sehemu isiyo na kinyota si lazima. Iache wazi. Watu hujaza kila kitu kama mtihani wa KCSE, mpaka mahali wanauliza mshahara.

Unaweza kusema, "Mimi sina doo, watanifanyia nini?" Skia. Jina lako kamili, namba ya simu, namba ya kitambulisho na tarehe ya kuzaliwa, kila moja ikiwa peke yake haina nguvu sana. Ziweke pamoja, msee anaweza kujifanya wewe na kuitisha laini yako iwekwe kwa simkadi yake. Akishapata laini, OTP zote zinaingia kwake: imeili, Instagram, M-Pesa, benki. Na hata kama M-Pesa iko na bob kumi, bado kuna loni zinaweza kuchukuliwa kwa jina lako. Deni unalipa wewe.

Mnakumbuka Juni 2021? Wakenya waliingia eCitizen kuangalia, wakapata wamesajiliwa kuwa wanachama wa vyama vya kisiasa ambavyo hawajawahi hata kuvaa tishati yake. Wengi walinyooshea kidole vile vitabu tunaandika kitambulisho na namba ya simu, kwa geti za majengo na kwa maduka ya M-Pesa. Mtu huandika bila kufikiria, halafu anayefuata kwa foleni anasoma laini zote za juu yake.

Halafu kuna Worldcoin. 2023 watu walipiga foleni KICC wapigwe picha ya jicho, walipwe tokeni za kama shilingi 7,000 hivi. Siwacheki, 7,000 ni rent ya mtu. Agosti mwaka huo serikali ikasimamisha hiyo shughuli, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data ya macho ya Wakenya ifutwe ndani ya siku saba. Noma ya hiyo kitu ni kwamba paswadi ikivuja unabadilisha, laini pia unaweza kubadilisha. Jicho utabadilisha wapi?

Sasa kwa vitendo. Fungua imeili ya pili, ya promo, giveaway, kuponi na saiti unatumia mara moja tu. Ile imeili kubwa, yenye imeshikana na benki na KRA, usiiweke popote ovyo. Paswadi usitumie moja kila mahali, ju saiti moja ndogo ya kuuza viatu ikivuja, mtu anaijaribu kwa imeili yako siku hiyo hiyo. Weka PIN ya hatua ya pili kwa WhatsApp. Na yale maswali ya usalama, "ulisoma shule gani ya msingi?", tafadhali. Jibu liko kwa ile picha yako ya Alhamisi ya kukumbuka zamani, na sare umevaa na bango la shule nyuma. Weka jibu la uongo lenye utakumbuka.

Piga *106# uone laini ngapi zimesajiliwa na kitambulisho chako. Watu hupata namba hawazijui hapo. Kama uko Safaricom, *100*100# inazuia mtu kubadilisha simkadi yako kienyeji. Ukitaka kuibadilisha itabidi uende duka lao mwenyewe.

Zile apu uko nazo tayari, ingia setingi za simu, tafuta ruhusa, fungua kontakti, uone ni nani na nani wako ndani. Utashtuka, apu ya kuhariri picha iko hapo imetulia. Zima. Lakini kuzima leo hakurudishi kitabu walichobeba mwaka jana, na kufuta apu kwa simu si kufuta akaunti. Akaunti inabaki kwa seva yao na jina lako. Ifute kwanza ukiwa ndani ya apu, kama kuna hiyo sehemu. Kama hakuna, waandikie imeili uwaambie wafute data yako yote, na uweke skrinshoti ya hiyo imeili, ju hiyo haki iko kwa sheria ya 2019. Wakikunyamazia, peleka malalamiko kwa ofisi ya Kamishna wa Data pamoja na hiyo skrinshoti. Ofisi iko na siku 90 za kuchunguza na kumaliza hiyo kesi.